Nyumba ya Magurudumu

Bwana na bibi wa Ulaya wakilala garini kando ya bahari, husifiwa kwamba wamevumbua maisha mapya. Mtaa wa Murara, mjini Goma, Kongo, udai haki yake ya uvumbuzi huo. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, serikali iliamuru mitaa 10 ya Goma ihame, Murara ikiwemo. Wengi wakabeba godoro na sufuria, wengine kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, wakaelekea mji wa Sake, kama kilomita 25, Ziwa Kivu likiwa upande wa kushoto. Chukudu hainywi mafuta wala haidai bima. Mtasema: wale huchagua safari, hawa walikimbia. Sawa, lakini alalaye njiani kwa kupenda ni mwanafunzi tu wa fani hii. Tena gari lake limejengewa sanamu wapi? Ya chukudu ipo Goma, tena ya rangi ya dhahabu.