Ng'ombe wa Sebuleni

Nyumbani kwetu Tabata tunafuga ng'ombe mmoja, naye hulala sebuleni. Hali majani wala hatoi maziwa, lakini anapepewa na feni kuliko mtu yeyote mle ndani. Ni suti ya ngozi ya kuendeshea pikipiki kubwa, kipande kimoja kutoka shingoni hadi kwenye vifundo vya miguu, nyeusi kwa nyekundu, yenye vibao vya plastiki magotini. Baba Zuhura aliipata kwenye mitumba ya Karume, akaileta kwa bajaji akiwa ameipakata.

Kazi yake naielewa. Ukianguka kwa kasi juu ya lami, jinzi inaisha kufumba na kufumbua, kisha inafuata zamu ya ngozi yako mwenyewe. Ngozi ya ng'ombe yenye unene wa milimita 1.2 hadi 1.4 hukubali kuburuzwa kwa niaba yako. Wanaoshindana kwenye MotoGP wameenda mbali zaidi: tangu 2018 wanalazimika kuvaa suti zenye mfuko wa hewa unaofutuka wenyewe mtu anapoanguka. Baba Zuhura hashindani na mtu. Jumapili huenda Bagamoyo na wenzake, wanakula samaki, wanarudi. Ila huwezi kumwambia hivyo akishafunga zipu.

Balaa ni jasho. Suti imeshonwa Italia, na aliyeishona hakuwahi kuwaza foleni ya Mwenge saa saba mchana. Baba Zuhura akivuka mlango, kilichobaki mwilini mwake ni kiu tu. Maji yote yamehamia kwenye suti. Jasho likikauka huacha chumvi, na chumvi huifanya ngozi ikauke na kukakamaa. Kwa hiyo lazima isafishwe. Hapo ndipo ukoo mzima ulipoingia kazini, kwa sababu kila mtu ana ngozi yake, na kila mwenye ngozi anajiona mtaalamu.

Alianza wifi. Yeye anaamini kwamba hakuna uchafu unaoweza kulala usiku mmoja kwenye sabuni ya unga ukaamka salama. Akaitumbukiza suti kwenye beseni, na pedi zake za mabega na viwiko zikiwa ndani, na kwa kubana matumizi akaongeza mashati ya shule ya Zuhura. Sasa, ngozi inapotengenezwa kiwandani hurudishiwa mafuta ili nyuzi zake ziteleze na isikatike ikikunjwa. Tena yenyewe ina uchachu kidogo, wakati sabuni ya unga iko upande wa pili kabisa, upande wa magadi. Zikikutana usiku kucha, mafuta yanatoka. Rangi nayo ikaona isibaki peke yake. Zuhura alienda shule wiki ile na shati la waridi, akiwa na barua ya maelezo kwa mwalimu.

Kisha wifi akaianika kwenye jua la saa sita. Ilipokauka iligoma kukunjwa. Tukaiegemeza ukutani, ikasimama wima yenyewe, mikono imetanuka, tayari kwa ugomvi. Mtoto wa jirani aliyekuja kuomba chumvi aliiamkia shikamoo, akabaki pale mlangoni akingoja marahaba.

Mama mkwe alifika siku hizohizo kutoka Kondoa. Kwao ng'ombe wanajulikana, hivyo aliizunguka suti polepole, akaishika mgongoni. "Huyu ana nundu," alisema kwa heshima. Baba Zuhura akamweleza kwamba nundu ile hukaa nyuma ya kofia ngumu ili upepo upite bila kukwama mtu anapokuwa kwenye mwendo mkali. Mama akauliza yeye huendesha mwendo gani kutoka Tabata mpaka Mwenge. Akajibiwa. "Basi hiyo yako ni ya urembo," akasema, akaagiza mafuta ya nazi.

Chupa nzima iliisha. Mantiki yake ilikuwa moja: ngozi ikipauka hupakwa, na baba Zuhura mwenyewe alikuzwa hivyo. Lakini mafuta yakizidi huilegeza ngozi, huziba vile vitundu vya hewa vya kifuani, na hukaa juu yakichacha. Usiku sisimizi walijipanga kutoka dirishani. Jumapili, sehemu ya kukalia ikiwa inang'aa kuliko meza ya shehe, baba Zuhura alitoka. Kila alipobana breki pikipiki ilisimama, yeye akaendelea mbele mpaka kwenye tangi. Alirudi kabla hajafika Bunju, akitembea kwa tahadhari. Chupa ya pili niliificha.

Masika ndiyo iliyomaliza. Kuna mtu, na simtaji kwa kuwa bado ni wifi yangu, aliifunga kwenye mfuko wa nailoni isipate vumbi. Unyevu wa Dar ukifungiwa na mafuta ya nazi huzaa. Tulipofungua, nundu ilikuwa na ukungu wa kijani.

Nikaipeleka kwa fundi viatu wa chini ya mwembe. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akanusa kidole, akanitazama. "Huyu mmemvimbisha," alisema. Ukungu akaupangusa nje, mbali na vitu vingine, kwa siki iliyochanganywa na maji. Akanieleza yote bila haraka, kisha akaongeza kwamba ikishindikana nimrudishie, inatoa makubadhi mengi mazuri.

Siku hizi naihudumia mwenyewe. Pedi zinatoka kwanza, na bitana inafuliwa kwa mkono peke yake. Ngozi inapanguswa kwa kitambaa kibichi chenye sabuni kidogo ya ngozi, halafu kingine chenye maji matupu. Inaning'inizwa kwenye hanga pana, zipu wazi, kivulini, mbele ya feni. Ikikauka kabisa inapata krimu ya ngozi, kiasi cha kucha, inasambazwa hadi isionekane, na vile vitundu vya kifuani navikwepa. Krimu hiyo ina bei kuliko ninayojipaka mimi usoni, na hilo tumeshalizungumza kwa urefu.

Juzi baba Zuhura amerudi na mfuko mwingine. Suti ya pili, nyepesi, ya ngozi ya kangaruu, ambayo hata ikiwa nyembamba kuliko ya ng'ombe haichaniki kirahisi. Mama akaigusa kwa ncha ya kidole, akauliza kangaruu ni mnyama gani. Akaelezwa kwamba huruka kwa miguu ya nyuma, na mwanawe hukaa kwenye mfuko wa tumboni. Akanyamaza, akaipapasa tena, kisha akanifuata jikoni na kufunga mlango.

"Mama Zuhura," akaninong'oneza, "ile chupa uliyoificha iko wapi?"