YAH: OMBI LA MANABII KUKAGULIWA KAMA SAMAKI

Kwa Msajili wa Jumuiya,
Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi,
Dodoma.

Ndugu Msajili,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kwanza, pongezi. Julai 2024 ulilifunga kanisa la Buza, la yule mchungaji aliyejiita Kiboko ya Wachawi, kwa kuwatoza watu Sh500,000 awaombee. Tulifarijika, ila hukutuambia bei halali ni ipi. Laki mbili? Elfu hamsini pamoja na chupa ya maji ya upako?

Pongezi za pili ni za kasi. Mei 2025 Askofu Gwajima alizungumzia utekaji wa watu. Juni 2 kanisa lake likafutiwa usajili, eti mahubiri yana siasa. Kumbe masikio mnayo! Mbona mahubiri ya "panda mbegu uvune gari" hayafiki Dodoma?

Huku Mbegani tuna chuo cha uvuvi cha FETA, na samaki kwetu hapiti hivi hivi. Hata mama wa kukaanga pale Bagamoyo hamnunui changu kabla hajampekua matamvua, akamtazama macho, akambonyeza nyama. Jumapili mama huyohuyo anamkabidhi mtaji wake nabii ambaye hata kwao hapajui.

Nabii naye ana matamvua. Muujiza ukiwa na bei, hapo pananuka. Akiulizwa andiko akajibu kwa laana, pananuka zaidi. Akimwambia mgonjwa atupe dawa, au akisema mbinguni hapafikiki bila kupitia kwake, usingoje kuonja.

Habari ya fedha na ukombozi Bagamoyo tunaijua kuliko wengi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakawa wanatoa fedha kuwakomboa watumwa. Leo mtumwa ndiye anayetoa fedha, na akishalipa anaambiwa minyororo imebaki michache, arudi Jumatano.

Najua utajibu kwamba sheria inakupa kukagua katiba, mihtasari na ada ya mwaka tu. Mafundisho si kazi yako. Ni kweli, na Mungu atuepushe na serikali itakayotuchagulia mahubiri. Shida ni cheti chako. Kinatiwa fremu, kinatundikwa karibu na madhabahu, na waumini wanakitazama kana kwamba Roho Mtakatifu ndiye aliyepiga muhuri. Kanisa la mhubiri Mackenzie huko Kenya nalo lilikuwa na usajili. Ulifutwa Mei 2023, wakati makaburi ya waumini wake huko Shakahola yakiwa yameanza kufukuliwa. Miili ilipita 400. Na Moshi, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa katika msongamano wa kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Hapakuhitajika mchawi.

Kwa hiyo naomba jambo moja lisilo na gharama. Chini ya kila cheti, kwa herufi kubwa, chapeni: MAFUNDISHO HAYAJAKAGULIWA. MUUMINI AJIPEKULIE MWENYEWE.

Naomba kuwasilisha.

Muumini wa kawaida,
Mbegani, Bagamoyo.

Nakala:
1. Manabii wote, kwa taarifa.
2. Waumini wenzangu, kwa utekelezaji. Waberoya walimhakiki hata Paulo kwa Maandiko, tena kila siku. Hawakuomba kibali Dodoma.