Kupanda Mringaringa na Kukubali Kuwa wa Mwisho Kwenye Foleni

Kabla hujagusa jembe, tukubaliane jambo moja. Mringaringa utaupanda wewe na utaumwagilia wewe, lakini wenyewe ni nyuki. Nyuma yao watasimama hondohondo, kisha watoto wa jirani, kisha seremala, ndipo ifike zamu yako. Kama foleni hiyo inakuudhi, panda grevilea, uchanje kuni, tusigombane. Kama inakupendeza, karibu.

Mti wenyewe huenda unaujua. Kilimanjaro na Meru ndio mringaringa, Wakikuyu wanauita muringa, Waethiopia wanza, na kwenye vitabu vya mimea ni Cordia africana. Majani yake ni mapana, ya mviringo, na ukiyapitishia kiganja upande wa juu yanakwaruza. Shina mara nyingi limepinda kidogo, kama mtu aliyesimama kusikiliza jambo. Kwao ni misitu ya mvua ya milimani, hasa pembezoni na pale mti mkubwa ulipoanguka jua likapenya. Wachagga walipofyeka msitu kufungua vihamba, yaani mashamba yao ya nyumbani, huu waliubakiza, wakapanda migomba na kahawa chini yake. Kwa hiyo ukiwa kati ya takriban mita 550 na 2,600 juu ya usawa wa bahari, uko nyumbani kwake. Ukiwa ufukweni, usiutese.

Anza na matunda. Subiri yageuke manjano, uyaokote kabla ndege hawajamaliza. Ndani yananata ajabu. Tulipokuwa wadogo tulibandikia karatasi za daftari kwa ute wake, na mwalimu akawa anajiuliza madaftari yetu yanawavutia nini sisimizi. Loweka, sugua kwa mchanga mpaka kokwa ibaki safi, anika kivulini. Kisha panda kwenye viriba vyenye udongo wa msituni na samadi iliyooza, halafu nenda ukafanye mambo mengine. Kokwa huchukua mwezi na zaidi kuota, pengine miwili, na kuichungulia kila asubuhi hakuiharakishi. Wiki ya tano ndipo watu wanapomwaga viriba wakisema mbegu imekufa. Usimwage! Kokwa moja hubeba mbegu kadhaa, hivyo usishangae kiriba kimoja kikileta mapacha. Mbakize mwenye afya. Na kama subira imekushinda, nenda chini ya mti mama baada ya masika, ukang'oe miche iliyojiotea pamoja na donge lake la udongo.

Pa kupanda pawe mbali na paa, maana kiangazi mti hupukutisha majani, na mfereji wa bati ukiziba utaulaumu mringaringa. Majani hayo ni matandazo bora kwa mbuni. Mbuzi wako mfunge kamba, asile mche.

Sasa maua. Siku ukichanua hutahitaji kuambiwa: mti mzima hufunikwa vishada vyeupe, kila ua kama faneli ndogo ya karatasi iliyofinyangwa ikakunjuliwa, na harufu yake tamu inakufuata hadi jikoni. Nenda asubuhi, jua likishapasha majani. Utasikia kabla hujaona, kwa sababu mti unavuma kama mashine ya kusaga iliyoko kijiji cha pili. Hapo kazi yako ni kusimama. Usipogoe, usikwee, usipige picha ukiwa umening'inia tawini. Maua yakianguka, weka fagio pembeni siku mbili tatu. Mgeni akute uwanja mweupe, aulize kuna harusi gani.

Na bomba la dawa libaki stoo. Wadudu wa kahawa wakikuzidi, pulizia jioni, nyuki wakisharudi mzingani, na mringaringa ukiwa katika maua ahirisha kabisa. Niliwahi kuokota nyuki kwa viganja chini ya mti uliojaa maua kwa sababu mtu fulani alipulizia saa tatu asubuhi. Mti ulikuwa kimya. Sijawahi kusikia kimya kama kile, na sitaki ukisikie.

Ukitaka asali, wafuate wazee. Wao walichukua gogo la mringaringa, ambao ni rahisi kuchonga na mchwa hawaukimbilii, wakalitoboa katikati, wakatengeneza mzinga. Yaani nyuki alikula kwenye mti huu na akapangishwa ndani ya mti huuhuu. Bado nawaonea fahari kwa wazo hilo. Tundika mzinga juu, mbali na njia ya watoto na zizi, na tundu la kuingilia lisitazame mlango wa jirani, maana udugu wenu haujafika huko. Siku ya kurina, acha masega ya kutosha. Wewe ni wa tano kwenye foleni. Wa tano hakombi sufuria.

Anayebaki ni seremala. Atakuja mti ukinenepa, atagonga shina kwa kifundo cha kidole, atasifu rangi ya mbao yake, na kwa kweli hasemi uongo: hutoa makabati, milango na ngoma. Dawa yake ni kupanda miwili tangu mwanzo. Mmoja upogolee matawi ya chini mapema ili unyooke, huo ndio wake. Wa pili uache upinde unavyotaka, kwa sababu fundi hununua kilichonyooka, na mzinga hukaa vizuri kwenye panda iliyopinda. Akiukata wa kwanza, mwombe aache kisiki. Kitachipua. Yakitokea machipukizi matatu, bakiza moja lililonyooka kwa ajili ya mwanawe, na moja lililopinda kwa nyuki.