Kanuni Tatu za Kura ya Meseji: Mhadhara kwa Watu wa Kasulu na Kibondo

 

Mbele yenu amesimama mtaalamu pekee wa elimukura katika nyanda zote za juu za Kigoma. Nasema pekee kwa sababu nilimtafuta mwingine, tena nilimtafuta kwa uangalifu mkubwa nisije nikampata. Shahada yangu haikutoka chuoni. Vyuo bado havijaifikia.

Mada ya leo ni nzito: kwa nini Tanzania haikuwahi kutwaa Tusker Project Fame, yale mashindano ya kuimba kwenye runinga ambayo mshindi alipatikana kwa meseji za watazamaji.

Tuanze na kumbukumbu, maana mtaalamu asiye na kumbukumbu ni shabiki aliyevaa tai. Mwaka 2006 alishinda Valerie Kimani wa Kenya. Mwaka 2008, Esther Nabaasa wa Uganda. Mwaka 2009, Alpha Rwirangira wa Rwanda. Mwaka 2010, Davis Ntare, Uganda tena. Mwaka 2012, Ruth Matete, Kenya tena. Mwaka 2013, Hope Irakoze wa Burundi! Kenya mara mbili, Uganda mara mbili, Rwanda na Burundi mojamoja. Na sisi? Sisi tulipewa heshima ya kuwapongeza wote.

Asiyesoma atasema walituzidi sauti. Ndugu zangu, sauti haipigi kura. Mwingine atasema walituzidi watu. Sensa yetu ya 2012 ilihesabu watu karibu milioni 45, na ya Burundi ya 2008 ilipata milioni 8 na ushee. Hapo ndipo wachambuzi wa kawaida huomba maji ya kunywa. Mimi siombi.

Kanuni ya Kwanza: kura si kichwa, kura ni vocha. Marekani mwaka 2012, fainali ya American Idol ilipata kura milioni 132, na uchaguzi wa rais wa mwaka huohuo haukufika milioni 130. Kwenye sanduku la kura mtu ni mmoja hata akiwa tajiri. Kwenye runinga, mwenye salio ni kijiji kizima. Huu ndio uhuru uliokamilika, na ndiyo maana unatozwa.

Kanuni ya Pili: makofi hayahesabiwi. Mwaka 2009 kijana wetu wa Kigoma, Peter Msechu, alishika nafasi ya pili kwenye mashindano yetu ya kuimba ya Bongo Star Search, nyuma ya Paschal Cassian. Mwaka uliofuata akafika fainali ya Tusker jijini Nairobi, akawa wa pili tena, nyuma ya Davis. Mabanda umiza yetu yalijaa, jenereta zikinguruma kwa dizeli, watu wakishangilia hadi mabati yakalia. Meseji je? Asiye na salio alimwachia mwenye salio. Mwenye salio alikuwa anamsubiri mwenye chaji. Mwenye chaji alikuwa amemkopesha simu mtu aliyekwenda kutafuta mtandao mlimani.

Kanuni ya Tatu inahusu mpaka. Ukitoka Kibondo ukapita Mabamba, uko Burundi, na Muha na Mrundi hawahitaji mkalimani hata kwenye matani. Kuna wazushi wanaosema kura zetu za 2013 zilivuka mpaka kwenda kwa Hope. Nimelichunguza jambo hili kwa mbinu kali kabisa: nilimuuliza shemeji yangu. Akajibu kwamba aliwapigia wawili, Mtanzania kwa kuwa ni wa nchi yetu, Mrundi kwa kuwa walielewana. Kisayansi, shemeji alijifuta mwenyewe, kisha akalipia mara mbili. Ndiyo maana nashikilia kwamba mshindi wa fainali zote sita alikuwa mmoja, naye hakuwahi kuimba: kampuni ya simu.

Naona mkono kule nyuma. Unauliza kama labda Hope aliimba vizuri zaidi? Kijana, hilo ni swali la wanamuziki. Hapa tuko kwenye sayansi. Kaa chini.

Sasa tiba. Leo nazindua Mfuko wa Vocha wa Nyanda za Juu. Mwenyekiti wake ni mimi, mweka hazina ni mimi, na ili kusiwe na minong'ono, mkaguzi wa hesabu pia ni mimi. Mtanikumbusha kwamba mashindano yenyewe hayajarudi tangu 2013. Hiyo ndiyo hekima ya mpango huu: safari hii tutapiga kura kabla wapinzani hawajaanza kuimba.

Kwangueni vocha zenu sasa. Mama wa mstari wa mbele, anza wewe, namba nisomee polepole. Wa Kibondo msisukumane, nitapokea zote.