Sifa za Kitenzi Kisicho na Mwenyewe

Wenye ndimi tamu husifu bibi harusi, pilau na mwezi wa kumi na nne. Mimi nakisifu kitenzi cha Kihispania kinapofuata kihusishi, kikiwa uchi wa mnyama.

Kwingineko vitenzi vya lugha hiyo vina makuu. Chukua ir, yaani kwenda. Leo ni voy, jana fui, zamani iba, kesho iré, na anayejifunza hukifukuza toka barazani hadi uani. Isitoshe, fui hiyohiyo ni ya ser pia, yaani kuwa, hata ukiisikia peke yake hujui kama mtu alikwenda au alikuwa. Sasa kitangulizie para, sin, au kile kijitu cha herufi mbili, de. Makuu kwisha! Nafsi na njeo huachwa nje kama viatu mlangoni pa msikiti, na inayoingia ni ir tupu, mwendaji awe mfalme au mchunga mbuzi.

Wazungumzaji wa Kiingereza huumia hapa, maana kwao kihusishi hufuatwa na umbo la -ing. Basi husema antes de comiendo na mwalimu akashika kichwa. Mswahili, aliyekua akisema kabla ya kula na bila kula, hutamka antes de comer na sin comer bila kutoka jasho. Ni ujuzi wa bure, tuuringie. Ila tusiringe sana: mlaji akiwa mtu mwingine, comer haitoshi tena, sharti useme antes de que comas, na hapo jasho hututoka sote.

Wapo wanaolalamikia ujeuri wa vihusishi vyenyewe. Dejar de fumar ni kuacha kuvuta sigara. Ondoa de, na dejar fumar ni kuwaachia watu wavute. Daktari akiimeza hiyo de, mgonjwa atatoka chumbani anachekelea. Mimi sioni kosa.

Sifa yake kuu lakini ni kusitiri watu. Para acabar con el hambre, ili kukomesha njaa: hamna nani, hamna lini. Mwanasiasa wa Madrid au Lima ataitangaza jukwaani mchana kweupe, na hakuna mkaguzi atakayemkuta mwenye deni ndani ya acabar.

Kipenzi changu ni por. Mtu akikwambia estoy por salir, uliza kwanza ni wa wapi: wa Buenos Aires yuko mbioni kutoka, wa Uhispania huenda anatamani tu kutoka. Na sikiliza hii: la casa está por barrer. Nyumba haijafagiwa, ila kufagiwa kupo njiani. Ufagio umesimama nyuma ya mlango, makombo yametapakaa chini ya meza, na aliyekaa kitini kakunja nne hajatajwa. Kazi ipo tu, inangoja kwa adabu. Wahasibu wa Amerika ya Kilatini waliitambua neema hiyo: yale ambayo kampuni inadaiwa huingizwa vitabuni kwa jina la cuentas por pagar, hesabu za kulipwa, bila kusema siku. Anayetaka kukushtaki kwa uvivu itambidi abadilishe kihusishi, aseme nyumba iko sin barrer, na hata hapo jina lako atakuwa hajalitaja.