Hongera, Msafiri Wetu

Kijana wetu wa Cheptais, hongera. Krismasi hii umepanda hadi Machu Picchu, karibu mita 2,430 juu ya bahari, ukapigwa picha ukihema mbele ya mawe ya Wainka. Ulizaliwa ubavuni mwa Elgon, mlima wa mita 4,321, wenye mapango walimoishi wazee wako. Katika pango la Kitum hata ndovu huingia kuchokoa chumvi kwa pembe. Karibu na Webuye ipo ngome ya Chetambe, Wabukusu walikopambana na Waingereza mwaka 1895. Kote huko hujakanyaga. Eti Desemba nauli ya matatu hupanda mno! Basi tuletee picha ya lama. Mbuzi wetu wana hamu ya kumwona mwenzao anayelipiwa na watalii badala ya kuchinjwa sikukuu.