Mtumishi Huyu Angekuwa Amestaafu Tangu 1985

Kwa Mwenyekiti,
Tume ya Utumishi wa Umma,
Nairobi.

MINTARAFU: MTUMISHI ALIYEPITISHA UMRI NA BADO YUKO KAZINI

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni mstaafu wa Mombasa. Barua yangu ya kustaafu ilinifikia siku ileile iliyopaswa kufika, sifa ambayo siwezi kuipa pensheni yenyewe, lakini hayo tuyaache. Nakuandikia kukuarifu kwamba yupo mtumishi mmoja wa serikali ambaye barua yake haijawahi kumfikia. Anaitwa Kifungu cha 162, wa Kanuni ya Adhabu. Aliingia kazini tarehe 1 Agosti 1930, Gavana akiwa Edward Grigg, na tangu hapo hajaenda hata likizo.

Kazi yake unaijua. Yeye ndiye mlinzi wa kile anachokiita utaratibu wa maumbile, na atakayemkosea anaweza kwenda jela miaka 14. Ana msaidizi wake, Kifungu cha 165, ambaye mamlaka yake ni madogo, miaka mitano tu, naye anawashughulikia wanaume na wanaume wenzao. Wanawake na wanawake wenzao hawatajwi popote. Labda mwaka 1930 hapakuwa na karani aliyewaza kwamba wanawake nao wana la kufanya wakiwa peke yao.

Sasa tufanye hesabu. Hata tukikubali kwamba siku anaajiriwa alikuwa mtoto mchanga, alitimiza miaka 55 mwaka 1985, na wakati huo 55 ndio uliokuwa umri wa lazima wa kustaafu. Serikali ilipousogeza hadi 60 mwaka 2009, yeye alikuwa na 79. Watumishi wengine wakikutwa wamepunguza umri kwenye faili, wanafikishwa mahakamani. Huyu umri wake umechapishwa, unauzwa kwenye duka la Mpiga Chapa wa Serikali, na hakuna aliyeshtuka. Mwaka 2003 Bunge lilimfanyia ukarabati kidogo likamrudisha kazini.

Na vyeti vyake je? Mwaka 2024 Tume yako ilitutangazia kwamba imenasa zaidi ya vyeti 2,000 vya kughushi katika utumishi wa umma. Hongereni. Naomba mkimaliza hivyo mkague na vya huyu. Kwenye mikutano ya hadhara anatambulishwa kuwa mwana wa mila za Kiafrika, mlinzi wa mababu. Faili lake linasema mengine. Maneno yake yalitungwa na Waingereza kwa ajili ya India, katika Kanuni ya Adhabu ya 1860. Sheria hizo za India zikavushwa bahari kuja kututawala sisi mwaka 1897. Kanuni yetu ya 1930 ilipoandikwa, ikafuata mtindo wa kanuni ya Queensland, Australia, ya 1899. Mababu wanaotajwa hawakuulizwa: si wazee wa kaya, si baraza la Njuri Ncheke la Wameru, wala kadhi wa hapa Mombasa.

La kuchekesha ni kwamba waajiri wake wa kwanza wote wamekwisha kumwachisha kazi. England na Wales walianza kumpunguzia majukumu mwaka 1967. Queensland wakamfuta 1990. Mahakama ya Juu ya India ikamwambia mwaka 2018 kwamba watu wazima waliokubaliana si kazi yake tena. Majirani zetu wa bahari nao wamemuaga, Seychelles 2016 na Mauritius 2023. Sisi tumebaki tunamtunza na kumpigania, tukimwita wetu.

Lakini sikuchukua kalamu kumsema mzee mwenzangu kwa sababu ya uzee wake tu. Nimeichukua kwa ajili ya wazee wengine, wale ambao yeye ameifanya kazi ya maisha yake kuhakikisha hawaonekani.

Wakubwa wetu hupenda kusema kwamba ushoga ni fasheni ya vijana, imeingia na intaneti na pesa za Wazungu. Hapo mimi mahesabu yananigomea. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd aliandika mwaka 1987 kuhusu wanaume na wanawake wa Mombasa wanaopenda jinsia yao, watu waliojulikana mitaani kwao na waliokuwa na nafasi yao katika mji. Mwaka 1987 intaneti ilikuwa haijafika Kenya. Simu ya mezani yenyewe ulikuwa unaiombea dua. Kijana wa miaka 25 wa wakati huo leo amevuka 60, na kwa Ibara ya 260 ya Katiba yetu huyo ni mzee kamili, anayestahili shikamoo. Fasheni gani hii inayopata mvi?

Huulizwa: basi wako wapi wazee hao, mbona hatuwaoni? Mnawaona kila siku. Ni yule mjomba ambaye hakuoa, aliyewalipia wapwa karo hadi wakafika chuo kikuu, ambaye kila sikukuu familia ilimtafutia mchumba mpaka ikachoka. Ni yule shangazi anayeishi na "dada" yake tangu enzi za Mzee Kenyatta, na mkiulizana nyinyi kwa nyinyi hakuna anayejua dada huyo ni wa baba yupi. Ni yule babu mwenye watoto saba, aliyeoa kwa sababu mlango ulikuwa mmoja tu, akazeeka kando ya mke ambaye naye hakuulizwa. Mnawaona. Mnachokikosa ni majina yao halisi ndani ya nyumba zao wenyewe.

Hapa, Mwenyekiti, lazima nimpe mtumishi wako haki yake. Ni hodari. Hahitaji kukamata wengi. Kwa kijana, miaka 14 ni sehemu ya maisha. Kwa mtu wa miaka 70 ni kufia gerezani, kwa hiyo mzee hujifunga mwenyewe mapema na kuipunguzia serikali gharama. Mwenye nyumba akitaka kodi ya ziada, anajua pa kubonyeza. Kijana wa mtaani akitaka pesa ya haraka, anajua mlango wa kubisha usiku, na mzee hawezi kwenda polisi kwa sababu akifika huko mshtakiwa atakuwa yeye. Hata daktari anadanganywa. Mzee anaumwa sehemu asizotaka kueleza, anasema ni mgongo, anapewa dawa ya mgongo.

Tena kumbuka yaliyotokea Ukunda mwaka 2015, walipokamatwa wanaume wawili wakapelekwa hospitalini kuchunguzwa miili yao kwa nguvu kutafuta "ushahidi". Ilibidi Mahakama ya Rufaa, ikiketi hapa Mombasa Machi 2018, iseme kwamba uchunguzi wa namna ile ni kinyume cha sheria. Mzee aliyesikia habari hiyo hakuhitaji kukamatwa ili aache kwenda kliniki.

Halafu kuna wodi. Nimewaona watu wawili waliokaa pamoja miongo mitatu, mmoja kalazwa, mwingine kasimama mlangoni na chupa ya uji. Muuguzi anauliza, "Wewe ni nani wake?" Anajibu, "Ndugu." Siku ya upasuaji karatasi inatiwa saini na mpwa aliyefika kwa basi la usiku, ambaye hajui hata mgonjwa ana kisukari.

Na baada ya wodi, mochari. Hili nalikalia kidogo kwa sababu nchi yetu ina historia nalo. Mnamo 1987 Wambui Otieno, mke wa halali wa wakili S.M. Otieno, mwenye vyeti na watoto, alipigania hadi Mahakama ya Rufaa haki ya kumzika mumewe alikotaka yeye. Alishindwa. Ukoo wa Umira Kager ukauchukua mwili ukauzika Nyalgunga, Siaya. Sasa niambie, kama mke huyo hakuweza, "ndugu" wa wodini ataanzia wapi? Hata kusimama mbele ya jaji aseme yeye ni nani, ni kama kukiri kosa la miaka 14. Sheria ya Urithi, pasipo wasia, inamtafuta mke, mume, watoto, wazazi, ndugu wa damu. Yeye anaambiwa atoe vitu vyake kabla ya matanga kwisha, na jiko la gesi aliloinunulia nyumba hiyo linabaki kuwa urithi wa mpwa wa basi la usiku.

Nikumbushe pia, kwa kuchokoza tu, kwamba mwaka 2011 Mahakama Kuu hapahapa Mombasa ilimtambua mwanamke aliyeolewa na bibi kizee wa Kinandi, kwa mila ya mwanamke kuoa mwanamke, ikampa haki ya kurithi. Mila hiyo inahusu kizazi na mali. Mapenzi ya kitandani hayamo, na sitaki kuitwisha yasiyo yake. Ila inaonyesha kwamba mababu hao tunaoapa kwa majina yao, walipotaka mwanamke mzee asife pweke bila mrithi, hawakuandika barua London kuomba ruhusa.

Mkisitasita kumstaafisha Kifungu cha 162, nawasihi mtazame alivyofanyiwa nduguye wa Uganda. Huko hawakumstaafisha, walimpandisha cheo. Sheria ya 2023 ina kosa lililokuzwa, adhabu yake kifo, na mojawapo ya mambo yanayolikuza ni kwamba uliyelala naye amefikisha miaka 75. Kukubali kwake si utetezi. Chukua basi wazee wawili waliopendana tangu ujana, wakafika 75 pamoja. Siku ya kuzaliwa, keki mezani, kila mmoja amekuwa mhanga wa mwenzake na mkosaji wa mwenzake, na wote wawili wanaweza kunyongwa ili kila mmoja alindwe dhidi ya mwingine. Mahakama ya Katiba ya huko iliiacha sehemu kubwa ya sheria hiyo isimame Aprili 2024. Nakiri ni hatua: hatimaye shoga mzee ametajwa katika sheria. Kwetu mbunge Peter Kaluma naye ana mswada wake wa aina hiyo tangu 2023, kwa hiyo msije mkasema mtumishi hana mrithi.

Najua utanijibu kwamba suala hili lilikwisha kupelekwa mbele. Kweli. Tarehe 24 Mei 2019 majaji watatu wa Mahakama Kuu walisema Kifungu cha 162 kibaki kazini. Walisema pia kwamba kukifuta kungefungulia njia watu wa jinsia moja kuishi pamoja, jambo wanaloliona kinyume na Ibara ya 45. Yule shangazi na dada yake waliisikia hukumu hiyo redioni, sebuleni kwao, wakiwa wameishi pamoja tangu kabla ya majaji hao kuvaa joho. Siku tatu kabla yake alikuwa amefariki Binyavanga Wainaina, mwandishi aliyejitangaza hadharani mwaka 2014. Alikuwa na miaka 48. Yaani Mkenya aliyeonekana kuliko wote hakuwahi kuufikia uzee ninaouzungumzia. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu nayo, kwa sauti tatu dhidi ya mbili, ilisema wapenzi wa jinsia moja wana haki ya kusajili shirika lao. Kelele zilizofuata kutoka kwa wanasiasa zilisikika hadi huku bandarini. Sikumsikia hata mmoja kati yao akiwataja wazee.

Mtu angewatafuta angewapata kwenye Ibara ya 57. Inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia yake na dola. Hakuna aya inayosema isipokuwa yule mjomba. Kupitia mpango wa Inua Jamii dola humtunza mwenye miaka 70 kwa shilingi 2,000 kwa mwezi, na mkono wake wa pili dola hiyohiyo humlipa askari, mwendesha mashtaka na hakimu wamtunze Kifungu cha 162. Ukipiga hesabu ya nani kati ya wazee hawa wawili anatunzwa vizuri zaidi, jibu halikawii.

Ombi langu ni dogo, na liko ndani ya uzoefu wenu. Nafahamu kwamba Tume haina mamlaka ya kufuta sheria. Mwenye mamlaka hayo ni Bunge, na mahakama ambako rufaa ya kesi ile ya 2019 ilipelekwa. Ninyi mna kitu kimoja ambacho wao hawana: mmezoea kumwambia mtu mzima, kwa heshima na kwa maandishi, kwamba muda wake umekwisha. Waazimeni maneno hayo. Mwandikieni mtumishi huyu barua, shukuruni utumishi wake, mtakieni mapumziko mema, mwelekezeni nyumbani kwao, ingawa huko nako wamekwisha kubadilisha kufuli.

Suala la marupurupu lisiwatie wasiwasi. Wazee ninaowajua wako tayari kumchangia kutoka kwenye zile shilingi 2,000.

Wako mtiifu,

Mstaafu,
Mombasa.

Nakala kwa: Spika wa Bunge la Taifa, ambaye naye siku yake ya kustaafu itafika.